Chungu Kiko Ibanda

Mtu anaweza kusafishwa damu Mbarara au Kampala, lakini chungu chake kiko nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni Ibanda, Kisinga au Bwera, huko Kasese, Uganda. Wodini tunamwona kwa saa nne. Amelala, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, nasi maofisa lishe tunapita na karatasi zetu kumuuliza jana alikula nini. Anajibu kwa adabu, na mara nyingi anajibu lile analodhani tungependa kulisikia. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi upande wetu wa pwani, na siku zote nimetamani kuliona jiko lenyewe. Kwa hiyo muuguzi mmoja mwenyeji wa Kasese aliponiambia kwamba anataka kujua wagonjwa wa figo wa kwao wanakula nini hasa, na kwamba angependa tuwafuate makwao, sikusubiri kuulizwa mara ya pili.

Sikuwa nimewahi kufika magharibi ya Uganda. Basi lilitoka Kampala alfajiri, likapita Mubende, likafika Fort Portal kwenye mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi, kisha likaanza kuteremka kusini. Upande wa kulia milima ya Rwenzori ilitufuata njia nzima bila kujionyesha. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na mpanda milima wa Italia, Mwanamfalme wa Abruzzi, alikifikia mwaka 1906, lakini mimi siku hiyo niliona mawingu tu na mabonde ya kijani yanayopanda kuingia ndani yake. Kabla ya kufika mji wa Kasese tulishuka, tukakamata bodaboda, tukapanda kupitia Bugoye, mto Mubuku ukinguruma kando yetu. Hii ndiyo Ibanda ya Wakonzo, mlango wa wapanda mlima, si ile wilaya ya Ibanda iliyo kaskazini mwa Mbarara. Kahawa na migomba zimechanganyika mpaka kwenye kuta za nyumba. Penye uwazi wowote mihogo imeanikwa, myeupe, juu ya maturubai.

Niseme kidogo tulikwenda kupima nini, maana watu wengi hudhani kupima ulaji wa mgonjwa ni kumkaripia. Willem Kolff alipounda mashine ya kusafisha damu kule Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, swali lilikuwa moja tu: mgonjwa atavuka wiki hii? Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle akapata njia ya kumwachia mgonjwa mrija mkononi ili aweze kurudi kwenye mashine tena na tena. Tangu hapo mtu akaweza kuishi miaka mingi bila figo zake, na miaka mingi ina milo mingi. Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana. Mashine hufanya kazi saa nne, na kwa kawaida inatakiwa mara tatu kwa wiki, lakini kwetu Afrika Mashariki wengi hupata mara mbili, na nauli ikikosekana, mara moja. Katikati ya safari moja na nyingine, maji, chumvi, potasiamu na fosifeti vinavyoingia kwa mdomo hubaki mwilini. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu tunauliza.

Namna ya kuuliza ni kumrudisha mtu kwenye saa 24 zilizopita: aliamka, akaweka nini mdomoni, kwa chombo gani, nani alipika, kilibaki kiasi gani. Hufanywa kwa siku tatu: siku ya mashine, siku isiyo ya mashine, na siku ya mwisho wa wiki. Fomu yangu ya pwani, yenye madafu, tende na wali wa nazi, niliiacha mkobani. Tulianza upya na karatasi tupu na mizani ya jikoni. Hata ile siku ya mwisho wa wiki ilibidi tuifikirie, kwa kuwa Wasabato ni wengi mno kwenye milima hii. Kwao siku yenye chakula tofauti ni Jumamosi, na chakula chenyewe hupikwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Kuna jingine pia: Msabato hali kambare, kwa kuwa hana magamba. Ukimwandikia mtu "ale samaki" bila kuuliza ni samaki gani, hujamwandikia kitu.

Sitataja jina la mtu. Na hata ningetaja, Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, mvulana wa kwanza Baluku, msichana wa kwanza Masika, kwa hiyo daftari letu lilijaa watu wenye jina moja na maisha tofauti kabisa.

Nyumba niliyokaa kwa muda mrefu zaidi ilikuwa ya mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, juu kidogo ya barabara ya Ibanda. Alitupokea kwa mikono miwili, akamwita mkewe, akaagiza viti vitolewe nje. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikatoboka. Ilikuwa orodha ya vyakula alivyokatazwa: nyama, samaki, mayai, maharage, maziwa, ndizi, machungwa, mboga za majani.

"Musawo," akaniambia, yaani daktari, "hii karatasi nimeitii kama Amri Kumi."

Nilimwomba anisimulie jana yake. Asubuhi, chai ya rangi. Mchana, bundu, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa nyanya. Jioni, bundu na mchuzi uleule. Mkewe alileta sufuria tukapima, akaleta sahani yake tukapima, akaleta bakuli la mchuzi. Bundu ni chakula cha nguvu, na kina sifa moja nzuri kwa mtu wa figo: muhogo huloweshwa kabla ya kukaushwa na kusagwa, na sehemu ya potasiamu yake huhamia kwenye maji yale. Lakini protini yake ni ndogo sana. Nilipojumlisha, mzee hakuwa akifikia hata theluthi ya anachohitaji.

Nikamuuliza karatasi ile alipewa lini. Akafikiri. Mkewe ndiye aliyejibu: alipewa kabla ya mashine, miaka ilipokuwa bado inaitwa miaka ya "figo zimeanza kuchoka".

Hilo ndilo lililoniuma katika safari nzima, na ningependa kila anayehudumia wagonjwa hawa alisikie. Figo zinapodhoofika na mgonjwa hajaanza mashine, tunamshauri apunguze protini, kama gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ili uchafu unaotokana nayo usirundikane kwenye damu. Siku anapoanza kusafishwa damu, ushauri unageuka. Sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, kwa sababu mashine yenyewe huondoka na vijenzi vya protini, kama gramu 6 hadi 12 kila anaposafishwa, na ugonjwa nao unautafuna msuli. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Karatasi ya kwanza mgonjwa hupewa kwa msisitizo, na hofu ya ugonjwa inaipigilia msumari. Ya pili mara nyingi haiji, au inakuja kwa mdomo, katikati ya kelele za mashine, mtu akiwa na kizunguzungu. Basi anabaki na ile ya kwanza ukutani, anaitii, na anakonda kwa utiifu.

Na kukonda kwenyewe hakuonekani kwenye mizani. Mwili unaposhindwa kutoa maji, maji yanajaa mahali nyama ilipopungua, kilo zikabaki zilezile. Nilimpima mzee mkono wa juu kwa utepe, nikamtazama penye panja, nikamwomba anibane vidole kwa nguvu zake zote. Miguu ilikuwa imevimba, mkono ulikuwa mwembamba. Madaktari wa figo wamekuwa wakirudia kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wanaosafishwa damu na wanaopungua msuli wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Sisi jikoni bado tunaogopa potasiamu peke yake.

Mama wa nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole lakini bila kuficha hasira: "Kwa hiyo miaka hii yote nilikuwa namnyima bure?"

Nilimwambia hakumnyima yeye. Alisoma alichopewa kusoma. Tukaanza kupanga upya. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, na kuku walikuwa wanapita miguuni petu. Kipande cha ngege wa ziwani cha gramu 100, akishapikwa, kina zaidi ya gramu 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 7. Maharage yalileta mjadala. Ni kweli yana fosifeti na potasiamu. Lakini fosifeti ya maharage imefungwa ndani ya mbegu, na utumbo hauichukui yote. Ile inayotiwa viwandani kwenye soda nyeusi na soseji ndiyo inayoingia mwilini karibu yote. Nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa, maji yakamwagwa, yakachemshwa tena, ni chakula halali kwake alimradi vipimo vya damu yake vinafuatwa. Soda aliyokuwa akinunuliwa na wajukuu kila siku ya mashine, "arudishe nguvu", ndiyo iliyostahili kuwemo kwenye karatasi, na haikuwemo.

Ndizi tulizizungumza kwa urefu zaidi, kwa sababu bila ndizi mtu wa Uganda anaona hajala. Matoke yaliyofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke yanabaki na potasiamu yake karibu yote, maana hakuna maji ya kuibeba. Yaliyomenywa, yakakatwa vipande vidogo, yakachemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa na mengine yakatiwa, yanapoteza sehemu kubwa. Kulowesha peke yake hakusaidii sana. Moto na maji mengi ndivyo vinavyofanya kazi. Ibanda maji yapo, mto unapita mlangoni. Kuni ndizo ghali, na kuchemsha mara mbili ni kuni mara mbili. Mama alipendekeza mwenyewe: chungu cha familia kiendelee, kando yake kuwe na kisufuria kidogo cha mzee juu ya makaa yanayobaki. Mimi nisingelifikiria hilo nikiwa wodini, kwa sababu wodini sikuwahi kujua kwamba makaa yanabaki.

Mzee aliuliza kuhusu kahawa. Ni yake, ameilima mwenyewe, haiwezekani aitazame tu. Nilimwambia kikombe kimoja, isiyo na maziwa, na kihesabiwe ndani ya maji yake ya siku. Akaleta kikombe. Kilikuwa cha bati, kikubwa. Tukakijaza maji na kuyamimina kwenye kipimo: karibu nusu lita. Kwa mtu asiyepata mkojo, anayetakiwa kunywa kama lita moja tu kutwa, chai na mchuzi vikiwemo, hicho si kikombe kimoja. Alikubali kikombe cha wageni.

Kasese mjini tulilala tu. Ni mji wa joto na vumbi, uliokuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyofika hapo mwaka 1956. Asubuhi tukashika barabara ya kusini mpaka njia panda ya Kikorongo, na kabla ya kukata kulia kwenda Bwera tukaenda kwanza Katwe, kwa sababu kila nyumba ya Ibanda tuliyoingia ilikuwa imetuambia neno moja: sisi chumvi yetu ni ya Katwe.

Ziwa Katwe limo ndani ya shimo la volkano, halina mto unaotoka. Maji huingia, jua huyala, chumvi hubaki. Watu wameivuna kwa karne nyingi. Falme zimeipigania, na Mwingereza Lugard alijenga ngome yake hapa alipopita na jeshi lake. Leo kandokando ya ziwa kuna vidimbwi vingi vilivyogawanywa kwa kingo za matope na miti, kila kimoja na mwenyewe, na rangi zake hubadilika kutoka kijivu hadi waridi. Wanaume huingia katikati ya ziwa, wakavunja mawe ya chumvi chini na kuyapandisha kwenye vichanja vya miti. Jua likiwaka, harufu ya ziwa inakukaa kooni. Nilisimama pale muda mrefu. Ni kazi inayoharibu ngozi na miguu ya watu, na inayosomesha watoto wao.

Chumvi ya hapa si ya namna moja. Kuna nyeupe ya vidimbwini, na kuna mawe yaliyochanganyika na magadi na salfeti, ambayo mengi huenda kwa ng'ombe. Lakini kipande cha jiwe hukaa pia jikoni, hutupwa kwenye maharage yalainike haraka. Magadi nayo ni sodiamu. Mgonjwa anayeapa kwamba haongezi chumvi mezani, na anasema kweli, anaweza kuwa ameila yote kwenye maharage. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na wa figo anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Chumvi huleta kiu, kiu huleta maji, maji huleta kilo tatu au nne kati ya mashine na mashine, na mtu anaamka usiku hawezi kupumua akiwa amelala. Ukimwambia "punguza maji" bila kugusa chumvi unampa adhabu tu. Na asikimbilie ile chumvi mbadala inayouzwa madukani kwamba haina sodiamu, kwa sababu badala yake huwa na potasiamu.

Bwera ni mpakani. Soko la Mpondwe linamwagika hadi mto Lhubiriha, na ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, na biashara yao huzungumzwa kwa Kiswahili, nami kwa mara ya kwanza safarini sikuhitaji mkalimani. Samaki wa chumvi wamepangwa kama vigae, wakisubiri kuvuka. Wakongo huwaita makayabu. Sombe, yaani majani ya muhogo, inatwangwa palepale.

Tuliyemfuata ni mama mfanyabiashara, anayesafishwa damu Mbarara. Jikoni kwake hapikwi sana, kwa kuwa anakula sokoni, na fomu nyingi hazijui kuuliza chakula cha sokoni. Asubuhi anakula roleksi: chapati iliyoviringishiwa mayai mawili. Alinitajia kwa sauti ya chini, akitarajia nimkaripie. Nilimwambia ni mlo bora kuliko yote niliyoiandika wiki hiyo: gramu 12 za protini zinatoka kwenye mayai pekee, na unga wa ngano una potasiamu kidogo. Amwambie tu kijana anayekaanga asitie chumvi, na nyanya iwe kidogo. Alicheka sana. Samaki wa chumvi anaowauza haachi kuwala, akanieleza bila kuulizwa jinsi anavyowalowesha usiku kucha na kubadilisha maji mara tatu. Nikamshauri achague wabichi kila anapoweza.

"Dada," akasema, "mashine siiogopi. Naogopa barabara. Natoka hapa usiku, sijala, nikila natapika. Namaliza, nimechoka, hakuna chakula. Narudi usiku, watoto wamelala. Siku ya mashine ni siku ya kufunga."

Hiyo ndiyo siku ya mashine ya kipimo chetu, ile inayoandikwa haraka kuliko zote kwa kuwa mgonjwa yuko mbele yetu. Tuliamua kusafiri naye. Gari liliondoka Bwera giza likiwa bado zito, likapita Kisinga na Kikorongo, likavuka ikweta na daraja la Kazinga kwa mwendo wa polepole kwa sababu ya wanyama, likapanda Rubirizi. Ni zaidi ya kilomita 150 hadi Mbarara. Mpaka Ishaka hakuwa ametia kitu mdomoni. Pale wauzaji walikuja dirishani na gonja, yaani ndizi, ya kuchoma na mishikaki. Abiria wote walikula. Yeye alitazama gonja kwa muda, akaniuliza kwa macho. Gonja ni potasiamu tupu, na siku yake ya mwisho kwenye mashine ilikuwa imepita muda. Nilitikisa kichwa, nikamwelekeza kwenye mishikaki. Akanunua miwili, akaifuta chumvi kwa kipande cha karatasi, akatafuna polepole kwa hofu ya kutapika. Haikurudi.

Tulikubaliana mambo ya njiani: mayai mawili ya kuchemsha kwenye kopo kila anapoondoka, mkate, na kipande cha samaki wa kula baada ya mashine, wakati presha imetulia, badala ya soda. Aliniomba nimwandikie karatasi mpya, kwa Kiswahili, na vinavyoliwa vitangulie. Muuguzi mwenzangu akaiandika upya kwa Lhukonzo upande wa nyuma, kwa ajili ya binti yake anayepika.

Mbarara, tukiwa bado kwenye foleni ya mizani, alimpigia binti simu. Alisoma karatasi yote kwa sauti, watu wakisikiliza, kisha akaiweka kando na kusema kwa lugha ya kwao maneno ambayo muuguzi alinitafsiria tukiwa tunaingia: "Maharage ya leo mwaga maji ya kwanza. Chumvi tia ukishanipakulia mimi. Na ungoje nifike, usilale, nataka kula."